Dawa ya Maji na Samaki wa Bwawani

Mshonaji aliiamini pua yake kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alifunua tangi la maji ya mvua na kunusa. Asiposikia harufu ya klorini, dawa ya kuua vijidudu, aliongeza kifuniko kimoja cha chupa yake. Kesho yake harufu imepotea tena, anaongeza viwili. Dawa ilikuwa inakwenda wapi? Hakujua.

Jumamosi moja aliosha tangi. Alimimina dawa bila huruma, akasugua, akafungua bomba. Maji yakashuka mtaroni mpaka kwenye bwawa la samaki la mumewe, seremala. Kufika mchana, samaki walikuwa wanaelea matumbo juu.

"Umewaua kwa dawa yako!" mume alifoka.

"Dawa hii hii tunakunywa," mkewe alijibu. Maneno yake mwenyewe yakamtisha. Alimpokonya binti yao mdogo kikombe cha maji. Mtoto akaangua kilio.

"Kuanzia leo hakuna dawa," mume akasema.

"Na akiharisha tena? Umesahau alivyolazwa?"

"Sasa tufanyeje?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Mama mkwe wa mshonaji, aliyekuja kuwatembelea, akaguna. "Kuna dawa, tunakufa. Hakuna dawa, tunakufa. Ningejua ningebaki kwangu."

Kichwa kilimzunguka mshonaji. Alikwenda kumwita jirani yao Matone, anayefanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Matone aliinama juu ya tangi, akaingiza mkono, akaibuka na majani yaliyooza. Tangi lilioshwa, lakini kona zilisahauliwa.

"Shemeji, dawa yako inaishia kwenye uchafu huu. Ndiyo maana harufu inapotea."

"Kwa hiyo niongeze?"

"Hapana! Klorini ikikutana na majani yaliyooza, hutokea kemikali nyingine. Ukiongeza dawa juu ya uchafu, nazo zinaongezeka. Mtu akizinywa kwa wingi miaka na miaka, zinaweza kumdhuru."

"Basi niache?"

"Hapana tena!"

Mshonaji alikaribia kulia. "Matone, nishike lipi?"

"Kemikali hizo huchukua miaka, vijidudu vinaweza kumlaza mtoto wiki hii hii. Kwa hiyo dawa usiache, ila anza na usafi. Toa majani, funga chujio kwenye bomba la paa, acha maji yatulie. Kisha pima dawa kama kibandiko cha chupa kinavyosema, usubiri nusu saa. Nguo yangu unaipima mara tatu, dawa unainusa?"

Mama mkwe alicheka peke yake.

"Na samaki?" mume aliuliza.

"Klorini inaunguza matamvua yao ya kupumulia, hata ikiwa kidogo. Maji ya kuoshea tangi yamwageni kwenye ardhi kavu, mbali na bwawa na kisima. Vyura na wadudu wa maji nao wanaumia."

Walifanya hivyo. Hata hivyo, mshonaji sasa alimpa mtoto maji ya kuchemsha tu. Kichwa kilielewa, moyo uligoma.

Mwezi uliofuata waliosha tangi tena, wakamwaga maji nyuma ya karakana. Mume alikaa kando ya bwawa siku nzima, akiwatazama vifaranga wapya wa samaki. Wote walikuwa wazima.

Jioni mtoto alisikia kiu. Mshonaji alichota maji ya tangi yaliyopimwa dawa, akanywa nusu kikombe. Kisha alimpa mwanawe nusu iliyobaki. Mtoto alikunywa yote, akamnyooshea mama kikombe aongezewe.