Mwanangu Kang'atwa

Kila siku baada ya masomo, klabu yetu ya kompyuta ilibaki darasani na mwalimu. Tulikuwa tukitengeneza ukurasa wa zahanati. Mgonjwa anaandika shida yake kwenye simu, maneno yanakwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya zahanati, na muuguzi anayasoma. Kazi yangu ilikuwa ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'.

"Kwa kompyuta, ritifaa hufunga maneno," mwalimu aliniambia. "Ikiikuta katikati ya neno itadhani yameisha, na yanayofuata yatapotea. Ikinge kwa alama maalumu, kisha jaribu 'ng'ombe'." Jioni akaniuliza, "Umefanya?"

"Tayari, mwalimu."

Tayari wapi! Nilikuwa sijaikinga; nilijaribu "kuku" tu, nikakimbilia mpira.

Wiki mbili baadaye, ukurasa ukiwa umeanza kutumika, mdogo wangu alirudi nyumbani akilia, mguu unavuja damu. Alikuwa ameumwa na mbwa asiye na mwenyewe. Mama alikiosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, akaandika kwenye ukurasa wetu: "Mwanangu kang'atwa na mbwa. Nimlete leo?" Tukasubiri hadi jua likatua. Kimya.

"Basi si la haraka," mama alisema, lakini tulipoamka tu alitupeleka zahanati.

Muuguzi alishtuka. "Mama, mbona hukuja jana? Kichaa cha mbwa kinaua! Chanjo haingoji!"

"Si nilikuandikia, dada?"

Muuguzi akatugeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na maneno mawili: *Mwanangu kang*. "Nilidhani mtoto anachezea simu," alisema.

Hakuna aliyejua, ningeweza kunyamaza. Nikamtazama mdogo wangu anavyotetemeka.

"Mama, ni mimi. Nilimdanganya mwalimu kwamba nimeujaribu ukurasa."

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimpakata mdogo wangu, naye akachomwa sindano huku amening'ang'ania kidole.

"Mmewahi," muuguzi alisema. "Ila asikose sindano hata moja."

Mchana huo nilimweleza mwalimu yote, nikaikinga ritifaa, nikajaribu ng'ombe, ng'oa, ng'ara. Mwisho mwalimu aliniamuru niandike maneno ya mama. Yalifika yote.

"Mwanangu," alisema polepole, "uliposema 'tayari', mimi nilikuamini, muuguzi akaniamini, na mama yako akatuamini sote. Usiliseme tena neno hilo kabla ya kazi kwisha."

Mdogo wangu alipona. Hadi leo, nikiulizwa kama kazi iko tayari, huirudia kuikagua kabla ya kujibu.