Ganda Juu ya Chembe ya Chuma

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Septemba, mtungi wa lita ishirini ulipasuka mbele ya duka la dawa za mifugo mjini Kitengela. Aliyeubeba alikuwa Nanjala, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye koti jeupe la maabara juu ya rinda la buluu. Maji yalimlowesha hadi magotini. Wauza nyanya waliinua magunia yao na kumcheka kidogo.

Kando ya barabara, mwanamume mrefu mwenye buti za mpira za manjano alikuwa akikunja bomba la lori lake la maji.

"Pole, dada. Hayo yalikuwa matamu ama ya chumvi?"

"Matamu."

"Basi pole mara mbili."

Kitengela swali hilo ni la kawaida. Maji ya visima vya pale yana chumvi, nayo ni ya choo na ya kupiga deki. Maji matamu huletwa kwa lori. Kahiga, yule mwenye buti, aliyatoa kwenye kisima kimoja kitamu cha mbali, karibu na Embulbul.

"Ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Hapo juu, ghorofa ya pili. Maabara."

"Mnapika nini huko?"

"Virusi."

Kahiga alirudi nyuma hatua moja. Nanjala akacheka.

"Usitoroke. Ni maganda tu, ndani hakuna kitu cha kuzaana. Nayavunja vipande, halafu nataka yajijenge tena, kila ganda likizunguka chembe ya chuma."

"Kama yai ambalo kiini chake ni chuma?"

"Karibu. Ganda linashika alama ya ugonjwa kwa damu ya mbuzi, sumaku inavuta chuma. Mfugaji wa Ewuaso Kedong anapata jibu akiwa hapo hapo bomani."

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Nikuletee maji. Kwani wewe ulifikiria nini?"

Alileta maji Alhamisi. Jumatatu iliyofuata alileta maji na mahindi ya kuchoma. Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa akipiga simu kila siku saa saba mchana, na Nanjala alikuwa amejifunza kula saa saba mchana.

"Daktari wangu, maganda yamejifunga?"

"Bado, mpenzi. Na mimi si daktari."

"Utakuwa. Mimi nitakuwa bwana ya daktari, nitembee nikiwa nimevaa tai kwa lori."

Jambo moja halikuwa la mzaha. Mkuu wa maabara, Dkt. Munyiva, alikuwa amempa Nanjala hadi tarehe 31 Oktoba. Maganda yasipojijenga kufikia siku hiyo, meza yake ingepewa mradi mwingine, na kazi ya miaka miwili ingeishia hapo.

Jumanne tarehe 14 Oktoba, Nanjala aliinua chupa ya jaribio la saba dhidi ya dirisha. Chembe za chuma zilikuwa zimeshikana na kuzama chini kama machicha ya kahawa. Sababu aliijua. Chembe hizo huvikwa chaji ya aina moja ili zisukumane. Chumvi ikizidi, huacha kusukumana. Alipima maji ya maabara yaliyokwisha kupita kwenye kichujio: chumvi ilikuwa mara arobaini ya kiwango. Saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi alipiga simu.

"Kahiga, maji ya Alhamisi ulichanganya na nini?"

"Ati nini?"

"Yana chumvi. Nimepima."

"Rudia hiyo maneno."

"Umenichanganyia maji ya kisima cha hapa."

Simu ilikatika. Kumwambia muuza maji wa Kitengela kwamba anachanganya ni kumwita mwizi mbele ya wateja wake wote.

Saa nne Kahiga aliacha chupa ya nusu lita kwa mlinzi, akaondoka bila kupanda ngazi. Kila safari alijaza chupa kama hiyo kabla ya kumwaga maji kwa mteja, akaifunga kwa utepe na kuandika tarehe. Hii ilikuwa ya tarehe 9, siku aliyoijazia maabara tangi.

Nanjala hakuifungua. Hasira si kipimo, lakini kwa siku tatu aliitumia kama kipimo.

Ijumaa aliifungua. Maji yalikuwa matamu. Alipima mara tatu. Kisha akapanda paani na kupima tangi: chumvi. Alifuata bomba kwa mkono hadi kwenye koki inayotenganisha tangi la maji matamu na la maji ya kisima. Ilikuwa wazi robo. Aliyeifungua alikuwa yeye mwenyewe, Jumamosi tarehe 11, alipotaka maji ya chumvi ya kupigia sakafu deki. Mtu wa Kitengela hamwagi maji matamu sakafuni. Alipomaliza, hakuikaza.

Katika daftari aliandika: "Kosa ni langu." Alipiga simu mara nne. Haikupokelewa.

Jumamosi alimkuta Kajiado, sokoni, akijaza birika la kunyweshea mbuzi. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu na hakugeuka.

"Kahiga. Maji yako yalikuwa safi. Niliacha koki wazi."

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi, kabla hujanipigia simu, ulinipima mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Hata mara moja," alirudia. Mfugaji mmoja alipita akiwaamkia kwa Kimaasai, "Sopa!" Wote wawili wakaitikia, "Ipa," bila kutazamana.

"Sikuja kujitetea," Nanjala alisema. "Nimekosea, na nimewaambia watu wote wa maabara ni mimi. Hata mlinzi. Hata Munyiva."

"Na mlinzi alisema nini?"

"Alisema mimi ni mjinga."

Kahiga alicheka kabla ya kujizuia.

"Kazi yako imebaki siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Maji nitaleta kesho. Hizi mbuzi zinazongoja kipimo chako hazina makosa. Hayo mengine, nipe muda."

Nanjala aliosha tangi kwa mikono yake, akabadilisha kichujio, akafunga koki kwa waya. Tarehe 28 alianza jaribio la nane. Tarehe 29 saa tano asubuhi aliweka sumaku ubavuni mwa chupa. Baada ya dakika sita, mstari wa rangi ya kahawia ulikuwa umeganda kwenye kioo, na maji yaliyobaki yalikuwa maangavu. Aliyapima: protini karibu yote ilikuwa imeondoka pamoja na chuma. Sampuli ilipelekwa kwenye hadubini ya elektroni Nairobi. Tarehe 30 picha zilirudi. Kati ya chembe mia mbili zilizohesabiwa, mia moja hamsini na moja zilikuwa na ganda kamili.

"Meza ni yako hadi Juni," Munyiva alisema.

Saa saba simu ililia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Yamejifunga?"

"Yamejifunga, mpenzi."

"Hilo neno la mwisho, rudia."

Jumamosi tarehe 1 Novemba walikuwa Kajiado, ndani ya lori, milango ikiwa wazi. Nanjala alivaa gauni la kijani na viatu ambavyo havikufaa vumbi.

"Nataka kuja kwenu," Kahiga alisema.

"Kutembea?"

"Kukuposa."

Nanjala alitoa simu na kumpigia mama yake Bungoma, sauti ikiwa juu ili wote wasikie.

"Mama, kuna mtu anataka kuja kubisha hodi."

"Ni mtu wa wapi?"

"Wa huku. Anaitwa Kahiga. Anauza maji."

"Maji? Watu wananunua maji?"

"Huku, ndiyo."

"Anajua vile wewe ni mkali?"

"Anajua, Mama. Nilimsingizia, na haikuwa yeye."

"Na bado anakuja?"

"Bado nakuja, Mama," Kahiga alisema.

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kuku, kisha ya kiti kikivutwa.

"Basi uje na wazee wako. Usije peke yako kama mtu wa kusoma mita. Tarehe sita Desemba."

Saa tano na dakika sita, mama alikata simu.