Chonge za Elisante

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya Ipagala, Evodia alikuwa amekwisha kuuliza maswali matano. Aliuliza akifagia uwanja, akauliza akichota maji kwenye pipa, akauliza akitafuta soksi ya pili. Kwa nini kuku huinua kichwa akinywa maji? Kwa nini upepo wa Dodoma hauchoki? Mama yake, Priska, alikuwa na jibu moja kwa yote: "Nenda kapige mswaki, utachelewa kuhesabiwa namba shuleni!"

Na mswaki alipiga kweli. Mwaka huo wa 1993 maduka ya mjini yalikuwa yamejaa dawa za meno za kila rangi, baada ya miaka mingi ya foleni na rafu tupu. Evodia, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na mswaki wake wa dukani, lakini hakuacha kijiti cha mti alichofundishwa na baba yake kukitafuna ncha mpaka ilainike. Baba huyo alikuwa dereva wa serikali, na wiki hiyo alikuwa safarini.

Jumamosi moja ya Oktoba hapakuwa na shule, na nyumbani hapakuwa na utani. Elisante, mdogo wake Evodia mwenye miezi saba, alikuwa akiharisha tangu Alhamisi. Mwili ulikuwa wa moto, macho yamezama, hata kilio chake kilikuwa kimepungua nguvu. Priska alimpakata huku akimsogezea chupa ya maziwa, naye mtoto akaikataa.

Mama Nasra, jirani yao kutoka Kondoa, aliingia bila kungoja karibu ya pili. Alikuwa mama mwenye huruma, asiyeweza kupika bila kupeleka bakuli kwa jirani.

"Shikamoo, Mama Nasra," Evodia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nimwone huyu."

Aliinua mdomo wa juu wa Elisante, akabonyeza ufizi kwa kidole. Pande zote mbili palikuwa na vivimbe vidogo vyeupe. Mama Nasra alitikisa kichwa.

"Mama Evodia, huku si kuharisha kwa kawaida. Haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa, mtoto atakwisha. Yupo fundi kule mtaa wa Nkuhungu, anayatoa kwa spoku ya baiskeli. Anaanza kazi saa kumi jioni."

Priska alishtuka. "Spoku? Kwenye ufizi wa mtoto huyu?"

"Hata mimi niliogopa. Lakini Nasra wangu aliharisha vivi hivi, akatolewa, siku ya pili akapona. Meno yenyewe ninayo mpaka leo kwenye kisanduku cha kiberiti."

Evodia alishindwa kunyamaza. "Mama Nasra, plastiki inaingiaje mdomoni mwa mtoto?"

"Siku hizi kila kitu ni plastiki, mwanangu. Ndoo, sahani, chupa za watoto. Inaingia mwilini taratibu."

"Lakini mimi na Nasra tuna umri mmoja. Mama husema sisi tulipozaliwa hata ndoo ya plastiki ilikuwa haipatikani, watu walichotea maji madebe. Sasa yeye aliipata wapi?"

"Mtoto huyu ana maneno!" Mama Nasra alisema. Priska alimwamuru bintiye atoke nje. Kisha akakubali, kwa sauti ndogo, kwamba saa sita wangeondoka kwenda Nkuhungu, wawahi foleni.

Evodia alitoka, lakini swali alitoka nalo. Alimpenda mdogo wake, alitaka apone, na aliogopa ile spoku kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Akaenda kumwita Nasra, akamwomba alete kile kisanduku.

"Mama atanigombeza," Nasra alisema, kisha akafikiri. "Ingawa ni meno yangu mwenyewe."

Walijificha nyuma ya jiko na beseni la maji. Evodia alikata kipande cha ndoo ya buluu iliyopasuka, akakitia majini. Kikaelea. Akakisukuma chini kwa kidole, kikarudi juu. Kisha akaokota taya la mbuzi lililobaki baada ya supu ya Jumapili, akang'oa jino moja, akalidondosha. Likazama papo hapo.

"Sasa yako."

Nasra alifungua kisanduku. Ndani mlikuwa na vitu viwili vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele. Evodia alivitia majini kimoja kimoja. Vikazama vyote viwili, vikatulia karibu na jino la mbuzi.

"Mbona plastiki yangu inazama?" Nasra aliuliza.

"Labda si plastiki. Labda ni meno tu." Evodia alijipapasa kinywani kwa ulimi. "Meno mawili ya mbele, halafu chonge. Hebu fungua kinywa."

Nasra alisita. Alikuwa msichana anayecheka huku ameshika mdomo, na hakuna aliyewahi kumwuliza sababu. Akafungua. Evodia akahesabu: moja, mbili, pengo. Upande wa pili: moja, mbili, pengo.

"Mama husema yamechelewa tu, yataota," Nasra alinong'ona. "Nimengoja, Evo. Kila Idi nasema yatakuwa yameota. Hayaoti."

Walipotoka nyuma ya jiko, Priska alikuwa tayari amembeba Elisante mgongoni, na Mama Nasra amejifunga kanga ya pili.

"Mama, tusiende!" Evodia alisema. "Meno ya Nasra yanazama majini. Hata ya Elisante ni chonge!"

"Mtoto anakwisha, wewe unacheza na maji?" Priska alifoka. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Tangu lini umekuwa mganga?"

Ndipo Nasra aliposogea mbele, akajishika mdomo wa juu kwa vidole viwili, akauinua mbele ya wakubwa wote wawili.

"Mama, hayatakuja kuota," alisema. "Waliyotoa ndiyo yaliyokuwa yangu."

Mama Nasra alimwangalia binti yake, na kanga ikamteleza begani bila yeye kuigusa. Priska naye aliangalia mapengo yale, kisha akageuza uso, akashika njia ya kwenda hospitali. Wengine wakamfuata.

Huko muuguzi alichanganya dawa ya kuongeza maji mwilini, akamwonyesha Priska namna ya kumnywesha Elisante kijiko baada ya kijiko. Mtoto alipoanza kuchangamka, walipelekwa kwa daktari wa meno, Daktari Halfani, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alipapasa ufizi wa Elisante, akatabasamu.

"Hizi ni chonge zake, zinangoja zamu yake. Kila mtoto huzaliwa nazo ndani ya ufizi. Atakapokuwa na mwaka na nusu hivi, zitatoka zenyewe. Ni nyeupe kwa sababu ni meno. Plastiki hapa hakuna."

"Na kuharisha je, daktari?" Priska aliuliza.

Daktari aliomba chupa ya maziwa. Aliinusa, akaipindua chuchu yake ya mpira. Ndani palikuwa na utando wa maziwa yaliyoganda. "Huenda mlango wa ugonjwa ni huu. Chupa hizi ni ngumu kusafisha. Tumia kikombe na kijiko, vioshe vizuri, maji yachemshe. Na ukimaliza kumlisha, mfute fizi kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji. Jino la kwanza likichomoza, lipigwe mswaki, hasa kabla ya kulala. Usingoje yajae."

Evodia aliinua mkono kana kwamba yuko darasani. "Daktari, kama si plastiki, mbona Nasra alipotolewa alipona?"

"Swali zuri!" Daktari alisema, akavuta kiti. "Mara nyingi kuharisha hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Mwili umefanya kazi, fundi akapata sifa. Wale walioingiwa na uchafu wa spoku wakafa, nani huja kusimulia habari zao?"

Mama Nasra alimsukuma binti yake mbele taratibu. "Na huyu wangu?"

Daktari alimpapasa Nasra fizi kwa uangalifu, hakuharakisha. "Upande huu chonge ya ukubwani ipo, imelala upande. Tutaifuatilia, huenda ikasaidika. Upande wa pili sisikii kitu. Sitakudanganya, mama. Yaliyobaki ni mazima kabisa, yatunzeni."

Mama Nasra alilia waziwazi, bila kujificha. Alimkumbatia Nasra, kisha akamvuta na Evodia.

"Nilimpeleka kwa sababu nilimpenda," alisema. "Sikumwuliza yule fundi hata swali moja. Nilimwogopa, na niliogopa kifo. Sikilizeni, wanangu. Afya haitaki aibu. Akija mtu na dawa, mwulize inatibu nini na inafanyaje kazi, hata kama ni mkubwa kwako, hata kama ni mimi. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mimi nimechelewa miaka kumi na moja."

Alijifuta uso, akanyanyuka ghafla. "Saa ngapi sasa, daktari?"

"Saa tisa kasoro robo."

"Kuna mama mmoja wa mtaa wa pili, ana mtoto wa miezi sita. Juzi nilimwelekeza mimi mwenyewe Nkuhungu, aende leo saa kumi."

Alijifunga kanga kiunoni, akamshika Nasra mkono, na wote wawili wakatoka wakikimbia.