Ile N Nyekundu

Kila Jumamosi asubuhi Nanyama, mwalimu wa darasa la tatu, aliketi dirishani kwake Bondeni akisahihisha madaftari kwa wino mwekundu. Leo alikuwa kwenye daftari la tano mlango ulipogongwa kwa nguvu.

Alikuwa Hiram, seremala wa shamba la mzungu ng'ambo ya kilima. Wiki sita hakuwa amekanyaga hapo.

— Mwalimu, vaa viatu vigumu. Twende korongoni.

— Leo? Na askari walivyojaa barabarani wakisaka wapiganaji wa msituni?

— Jumatatu lori linakuja. Wakikuyu wote wa shamba letu tunarudishwa rizavu, kwenye ardhi tuliyotengewa na serikali. Sina Jumamosi nyingine.

Nanyama aliacha chupa ya wino wazi.

Korongo lilikuwa kavu, kuta zake zikizidi kubanana kila hatua. Hata ndege hawakulia. Kwenye maboma ya mawe ya watu wa kale, Nanyama aliinama akagusa majivu.

— Hiram, bado yana moto.

— Hatujaona kitu. Pita.

Nyuma ya maboma, mwambani, walikuwapo ng'ombe wekundu wa kuchorwa, na watu wawili wameshikana mikono.

— Hapa ndipo nilipotaka kukuleta siku ile nilipokuandikia.

Akatoa karatasi iliyochakaa mikunjoni. Wiki sita zilizopita alikuwa ameandika: "Nataka kukuoa." Nanyama akaingiza n nyekundu katikati, ikawa "kukuona", akamrudishia.

— Ulinisahihisha kama mtoto wa darasa la tatu, Mwalimu. Nikajua umenikataa kwa adabu.

— Nilidhani umekosea.

— Nimesoma mpaka la sita! Kuoa na kuona nazijua.

Nanyama akainamisha uso. Siku ile moyo ulimdunda akaogopa kuuliza, kalamu ikamsemea.

Filimbi ikalia juu yao. Mawe yakaporomoka.

— Nyinyi huko chini! Mikono juu!

Askari wawili waliteremka, bunduki mbele.

— Pasi yako ya kutembea?

— Inaishia shambani, afande, alisema Hiram.

— Na majivu haya? Mmemletea nani chakula? Karatasi hiyo ni ya nani?

Askari akaipokonya, akaisoma akikunja uso.

— "Nataka kukuona." Kumuona nani? Nani anakutana na nani hapa?

Hiram alifumba macho. Nanyama, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu, akasogea mpaka mbele ya bunduki.

— Isome bila hiyo n, afande. Yeye hakukosea. Mimi mwalimu ndiye niliyekosea. Anataka kunioa, na mimi nataka anioe.