Msichana wa Gitaa na Koplo wa Kianyaga

"Theuri ameenda Nairobi," Mama Kabura alisema bila kumwangalia mgeni usoni. "Ameenda juzi."

Wakiuru alitazama magongo mawili yaliyoegemezwa ukutani, kando ya mlango wa sebule.

"Ameenda Nairobi bila magongo, mama?"

Kabura aliyageukia magongo. Alikuwa mama wa kanisa, na uongo haukumkaa vizuri mdomoni.

"Ni yeye ameniambia niseme hivyo," alikubali kwa sauti ya chini. "Nisamehe, mami. Mtoto akiwa mgonjwa unafanya vile anataka."

"Sijakasirika. Naweza kukaa hapa nje?"

"Ukae mpaka lini?"

"Mpaka arudi kutoka Nairobi."

Kabura alitaka kucheka, akajizuia. Akamletea kiti cha plastiki na kikombe cha chai. Wakiuru aliketi uani, akatoa simu, akaandika:

"Niko nje. Nimeona magongo. Sitoki."

Ndani ya nyumba simu ililia mara moja. Baada ya muda jibu likaja:

"Si nilikuambia nimepata mtu mwingine?"

"Basi mwambie atoke tusalimiane," Wakiuru akajibu.

Hakuna aliyetoka.

Wakiuru alikuwa mwanamuziki wa Nyeri mjini, wa kupiga gitaa na kuimba peke yake kwenye harusi na mikahawa. Yeye, mchekeshaji Ndungu na wacheza densi wachache walikuwa wamealikwa kwenda kuwatumbuiza wanajeshi katika kambi moja karibu na mpaka wa Somalia. Huko ndiko alikokutana na Koplo Theuri, kijana wa Kianyaga aliyecheza vibaya kuliko wote na hakujali. Kila mahali alifuatana na rafiki yake Mwai wa Kangema. Wakiuru aliporudi Nyeri, yeye na Theuri waliendelea kwa simu, wakapendana. Kikundi kilipoalikwa kambini mara ya pili, Wakiuru ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga begi.

Safari hiyo hawakuimba hata wimbo mmoja. Asubuhi walipokuwa wakifunga spika, makombora yakaanguka kambini. Mavumbi yalipotulia, wauguzi walikuwa wachache na walioumia walikuwa wengi. Ndungu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha watu, alibeba machela mpaka viganja vikachubuka. Wacheza densi walichana pazia la jukwaa wakafunga vidonda. Wakiuru alimkuta Theuri chini, damu ikimtoka mguuni kama maji ya bomba. Akafungua mkanda wa gitaa lake, akaukaza kwenye paja la Theuri kwa nguvu zake zote.

"Imeshika," Theuri alimwambia akiuma meno. "Sasa niache. Mwai ako pale, na ako peke yake."

"Siwezi kukuacha."

"Wakiuru, nenda kwa Mwai."

Akaenda. Mwai alikufa akiwa amemshika mkono. Theuri alisafirishwa kwa helikopta, akakatwa mguu juu ya goti. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya Wakiuru, ila alimtumia ule ujumbe kwamba amepata mtu mwingine.

Jua lilipokuwa limepanda pale uani kwa Kabura, mlango ulifunguliwa. Theuri alisimama kizingitini, ameshika fremu kwa mkono. Alikuwa amekonda.

"Wewe ni msumbufu," alisema.

"Ndiyo. Huyo mtu mwingine yuko wapi?"

Theuri aliangalia chini. "Hakuna mtu."

"Nilijua. Mbona ukanidanganya?"

"Niliona wewe na Ndungu kwa tivii, mkiimbia majeruhi hospitalini. Mnafanya kazi nzuri, na sisemi kwa ubaya. Lakini mimi si shoo, Wakiuru. Sitaki kuwa mgonjwa wako wa nyumbani."

"Wale nawaimbia, nawasaidia kuandika meseji kwa watu wao, halafu narudi nyumbani nalala," Wakiuru alisema. "Nikikufikiria wewe silali. Hiyo si huruma. Huruma naijua, yenyewe huniacha nilale."

Kabura alipita akiwa na ndoo, akampa mwanawe magongo, akaelekea bandani.

"Niambie ukweli," Wakiuru aliendelea, na sasa sauti yake ilipungua. "Unanilaumu kwa sababu ya mguu? Nilikuacha pale chini nikaenda. Labda ningebaki nikiushika mkanda, labda…"

"Nani amekuambia nakulaumu?" Theuri aliketi kwenye ngazi ya mlango. "Daktari alisema huo mkanda ndio uliniweka hai. Mguu ulikuwa umeisha hata kabla ufike. Na ni mimi nilikutuma kwa Mwai."

"Basi shida ni gani?"

Theuri alisugua mti wa gongo kwa kidole gumba.

"Mwai alikuwa aoe," alisema mwishowe. "Alikuwa amenichagua nisimame na yeye siku ya harusi. Mama yake ako hapo Kangema, na sijawahi kwenda kumwona, hata mazishi sikuenda kwa sababu nilikuwa hospitali. Sasa nitaenda nimwambie nini? Ati mtoto wako amezikwa, lakini mimi niko sawa, napanga harusi? Siwezi kukaa na furaha, Wakiuru. Ni kama nimeiba."

Wakiuru aliweka kikombe chini.

"Mimi pia sijaenda kwa mama yake, Mama Watiri," alisema. "Mwai aliniachia kitu cha huyo mama, si kitu cha kushika kwa mkono. Nimefika stendi ya Nyeri nikitaka kwenda Kangema, nikarudi. Nikafika tena, nikarudi. Peke yangu nimeshindwa. Nipeleke, Theuri. Tukitoka huko, kama bado unataka nikuache, nitakuacha na sitarudi kukusumbua."

"Unaapa?"

"Naapa. Lakini sioni ukiniambia nikuache."

Ndungu ndiye aliyewapeleka kesho yake kwa gari lake, akachelewesha mazoezi ya kikundi kwa ajili hiyo. Njia nzima hakufanya mzaha. Walipofika Kangema, aliegesha barabarani, akasema atawangoja pale pale.

Watiri alikuwa akirudi kutoka kuchuma majani chai, kikapu mgongoni. Alisimama alipowaona. Alimtazama Theuri, akatazama suruali iliyokunjwa juu ya goti, akamjua.

"Wewe ni Theuri."

"Ndiyo, mama."

"Picha yako na Mwai iko hapo sebuleni. Ingieni."

Waliketi. Watiri hakukimbilia kuweka chai, ingawa ndiyo kawaida ya nyumba zile. Aliketi mbele yao, mikono ikiwa na madoa ya majani.

"Wakubwa wake walikuja," alisema. "Walinipa bendera, wakasema alikuwa shujaa. Hakuna aliniambia kama aliogopa."

Theuri alimtazama Wakiuru. Wakiuru akasogea mbele.

"Mimi ndiye nilikuwa na yeye, mama. Mimi si mwanajeshi, nilikuwa nimeenda kuwaimbia. Mwanzo aliogopa. Aliniambia nimwimbie ule wimbo wa mama yake wa kuchuma chai. Nikamwambia siujui."

"Hungeujua," Watiri alisema polepole. "Niliutunga mimi. Nilikuwa namwimbia nikiwa nimembeba mgongoni hapo shambani."

"Kwa hivyo akanifundisha. Mstari moja, halafu mwingine. Nikakosea ule mstari wa umande, akanicheka. Alicheka kweli, mama. Akaniambia, 'Na wewe ndio msanii?' Tukarudia. Alikuwa ameacha kuogopa. Alinyamaza tukiwa katikati ya wimbo, na mimi nikaumaliza vile nilijua."

Watiri alifunika uso kwa viganja. Wakangoja. Aliposhusha mikono, macho yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa imara.

"Imba nisikie."

Wakiuru aliimba bila gitaa, kwa sauti ya chini. Alipofika mahali pa umande akakosea tena, na Watiri akamsahihisha. Wakaimba pamoja mpaka mwisho.

Theuri alikuwa analia waziwazi.

"Mama, nisamehe. Tulikuwa pamoja, na ni mimi nilirudi."

"Ulidhani niliomba Mungu akuchukue wewe anirudishie Mwai?" Watiri alimuuliza. "Sikuomba hivyo hata siku moja. Niliomba mmoja wenu aje. Umechelewa, kijana yangu, lakini umekuja." Alimgeukia Wakiuru, kisha akamrudia Theuri. "Huyu ndiye msichana wa gitaa? Mwai alinipigia simu akaniambia umepata msichana wa gitaa. Mnaoana lini?"

"Mama, sijui kama…" Theuri akaanza.

"Sijauliza kama. Nimeuliza lini."

Ndipo akainuka kwenda kuweka chai.

Wakati wa kurudi barabarani, Theuri alisimama katikati ya njia ya shambani kupumzisha mikono.

"Niko na mguu moja," alisema. "Na asubuhi nikiamka huwa nina hasira, siwezi kuongea na mtu."

"Mimi tairi ikipasuka mahali, mikono inatetemeka siku nzima, siwezi kushika gitaa. Watu wa tivii hawajui hiyo."

"Hata mimi sikujua."

"Ungejuaje? Hukuwa unashika simu."

Theuri alishika tena magongo. "Sitaki uniache," alisema.

"Nimesikia."

Sherehe ya ndoa ilifanyika nyumbani kwa kina Wakiuru, nje kidogo ya Nyeri, mvua za masika zilipokwisha. Theuri alikuwa amepata mguu wa bandia na alitembea nao polepole, akikataa kushikwa. Ndungu ndiye aliyekuwa na maikrofoni, na wanajeshi wengi aliowahi kuwabeba kwenye machela walikuja, wengine kwa viti vya magurudumu.

Kwa desturi, wanawake wa upande wa kijana walisimama nje ya lango wakiimba, na wa upande wa msichana wakawa ndani, wamelifunga, wakiwauliza maswali kabla ya kuwafungulia.

"Mnatoka wapi?" Shiku, shangazi yake Wakiuru, aliuliza kutoka ndani.

"Kianyaga," Kabura akajibu.

"Na Kangema," sauti nyingine ikaongeza.

Kicheko kikapita kule ndani. "Mama ya kijana ajitokeze tumwone."

Kabura alipiga hatua mbele. Kisha akageuka, akamshika Watiri mkono, akamvuta mpaka wakasimama bega kwa bega mbele ya lango.

"Ni sisi," alisema.

"Kijana ni mmoja, na mama ni wawili?"

"Wawili," Watiri alijibu. "Fungueni. Tumetoka mbali."

Shangazi Shiku akafungua lango.