Nyumba Wasiyoingia Majirani

Hodi ya kwanza katika nyumba mpya ya Nyange na Shadya ilipigwa siku ya tisa tangu wahamie, baada ya sala ya alasiri, na Shadya aliifurahia mno hata hakuona kasoro yake. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya upole.

"Hodi, wenyewe."

Akaweka ungo chini, akajitanda kanga, akaitika kwa nguvu, "Karibu! Karibu ndani!" huku akikimbilia mlango wa mbele. Alipofungua, kibarazani hapakuwa na mtu. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, komeo mahali pake.

Ndipo alipotambua kwamba sauti haikutoka upande ule. Ilikuwa imetoka nyuma yake, kwenye stoo.

Alikwenda kutazama. Humo mlikuwa na gunia la mkaa, waya za mumewe na baiskeli ya mtoto. Akarudi kwenye mchele wake, akajiambia ni upepo, ingawa siku hiyo hata majani hayakutikisika.

Mitondooni ni mtaa mpya nje kidogo ya Chake Chake, palipokuwa na shamba la mikarafuu kabla ya kukatwa viwanja. Nyumba zake ni nzuri, za mabati ya rangi na vigae sakafuni, na kila nyumba imezungukwa na ukuta. Nyange, fundi umeme, alijenga yake kwa miaka minane, tofali kwa tofali, akitokea Kengeja kila mwisho wa wiki. Babu yake alikuja Pemba kutoka bara kuchuma karafuu, akaoa Kengeja, akazikwa Kengeja. Baba yake hakuijua bara. Nyange mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Lakini wiki ya kwanza Mitondooni aliulizwa mara tatu msikitini, "Asili yenu wapi, bwana?" Wiki ya pili hakuulizwa kitu na mtu yeyote.

Shadya ndiye aliyeumia zaidi. Kule Kengeja hakuwahi kumaliza kufagia uwanja bila ya watu watatu kuingia na kutoka. Hapa alipika mkate wa kumimina, akaupeleka nyumba ya ubavuni kwa Rahila, mwalimu wa skuli. Rahila aliupokea kwenye mwanya wa geti.

"Karibu na kwetu, jirani," Shadya alimwambia. "Nyumba ndiyo ile."

Rahila aliitazama nyumba ile juu ya bega la Shadya, haraka, kama mtu anayetazama jua. "Inshallah," akasema, na geti likafungwa. Kesho yake sahani ilikutwa imetundikwa nje ndani ya mfuko, imeoshwa, haina kitu.

Aliyewasalimu kwa moyo alikuwa mmoja tu, Bi Ummkulthum, mjane wa nyumba ya ng'ambo ya njia. Naye alisalimu kutoka kwake, hakuvuka. Alikuwa akimtazama Laila, binti yao wa miaka minne, kwa macho ya mtu mwenye neno kinywani, kisha akiinama na kuendelea na ufagio wake.

Hodi zikaendelea. Zilikuja kila alasiri, na kila moja kwa sauti nyingine. Siku moja ilikuwa sauti ya Rahila hasa, na kile kikohozi chake cha chaki. Siku nyingine ilikuwa ya Mzee Khatib, mkubwa wa kamati ya msikiti, aliyekuwa hajawahi kupita hata mbele ya geti lao. Shadya aliacha kuitika. Halafu ikaja harufu: ubani, na ndani ya ubani mayai viza, na ndani ya mayai viza udongo wa shimo lililofukuliwa karibuni. Nyange alisema ni panya kafia darini. Alipanda, akakaa huko saa nzima na tochi, akashuka mikono mitupu.

Jumanne moja Shadya alimkuta Laila stoo, amekaa chini na sahani yake ya wali, ameugawa mafungu mawili.

"Wafanyani humu?"

"Nala na bibi."

"Bibi gani, mwanangu?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa jambo la kijinga. "Yule alopiga hodi. Si weye ulomwambia karibu?"

Fungu la pili la wali lilikuwa limekauka na kuwa jeusi, kama lililokaa pale mwezi mzima.

Tangu siku hiyo Laila alianza kukonda. Alikula na hakushiba, alilala na hakupumzika, na kila akiachwa kidogo alikutwa stoo. Nyange alitia kufuli kwenye mlango ule. Kufuli ilikutwa imefunguka, haikuvunjwa, imewekwa vizuri juu ya meza ya jikoni.

Kisha ikaja adhuhuri ile. Shadya alikuwa nje anaanika nguo, jua li utosini, mtaa umenyamaza kama kawaida yake, na akasikia ndani ya nyumba sauti yake mwenyewe, sauti yake hasa aliyoijua tangu alipopata akili, ikiita taratibu, "Laila, njoo mwanangu, njoo kwa mama," na mtoto akiitika, "Abee, mama," na vile viguu vidogo vikikimbia juu ya vigae kuelekea nyuma, naye Shadya akaiacha shuka ianguke mchangani, akakimbia, akapita ukumbini, akapita jikoni, harufu ile ikizidi kila hatua hata akahisi anaimeza, na mlango wa stoo ukiwa umefungwa na nyuma yake ile sauti yake ikiimba wimbo wa kubembelezea ambao yeye hakuwahi kumwimbia mtu, mpaka akausukuma mlango kwa bega na ukafunguka bila kukataa, kama uliokuwa ukimngoja.

Laila alikuwa peke yake, amekaa ameelekea ukuta. Hakugeuka.

"Mama," mtoto aliuambia ukuta, kwa woga, "yule mtu wa nje kaingia."

Shadya alimnyakua. Mtoto akapiga kelele, akamng'ata mkono, akanyoosha vidole kuelekea ukutani akimlilia mama yake.

Nyange aliporudi hakuambiwa mengi. Alisimama ukumbini, akaisikia sauti ya mkewe ikimwita kutoka stoo, na mkewe yuko mbele yake, mdomo umefumba, mkono unatoka damu. Asubuhi yake akapanda gari ya Shumba, akarudi na Mwalimu Abdulsamad, mganga wa visomo.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na makeke. Alisoma, akafukiza, akamnywesha mtoto kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Kisha akakaa mbele ya mlango wa stoo, kama anayesikiliza shida za mgonjwa. Alipotoka aliwaita wote wawili kibarazani na kusema kwa sauti ya chini.

"Huyu hafukuziki kwa moshi. Alikuwa na mahali pake hapa, zama za mikarafuu. Watu wa shamba wakimwekea sahani kila mavuno, wakila naye. Pakapimwa viwanja, pakachimbwa misingi, hakuna aliyemuuliza. Sasa huhamia nyumba isiyoingiwa na jirani. Hukaa na wale ambao hakuna anayekaa nao."

"Na dawa yake?" Nyange aliuliza.

"Watu saba wa mtaa huu huu. Waingie pamoja, wale, waseme alhamdulillahi, watoke pamoja. Hatajua amfuate nani, atatawanyika. Lakini sikilizeni." Akamtazama Shadya. "Asiingie mmoja peke yake. Akiingia mmoja, atamfuata huyo hadi kwake. Kama hamkupata saba, mlango msifungue."

"Na mtoto?"

"Mwezi usipite," Mwalimu alisema.

Waligawana nyumba. Shadya alipita kwenye mageti upande wa kulia, Nyange upande wa kushoto, wakialika watu khitma na pilau, Ijumaa baada ya sala. Waliomba kama watu wanaoomba maji. Rahila alisema ana mitihani ya kusahihisha. Mwingine alisema mguu unamuuma. Mwingine alimwacha Nyange abishe hata akachoka, na redio inasikika ndani. Mzee Khatib alimpokea Nyange msikitini, akamshika mkono kwa heshima.

"Khitma tutaisoma hapa, bwana. Chakula kileteni huku."

"Mwalimu kasema kiliwe ndani kwangu, mzee wangu."

"Ndani kwenu, hapana."

"Kwa hivyo mnajua."

Mzee Khatib aliuachia mkono wake. "Siye tumekaa hapa kwa salama miaka hii mitatu," alisema. "Kila nyumba imepata zamu yake. Hatukuwaita nyie mje."

Ijumaa ilifika. Shadya alikuwa amechinja kuku wake wote sita aliotoka nao Kengeja. Alitandika mikeka ukumbini, akapanga sahani saba. Nyange alisimama nje ya msikiti akiwasubiri watu wanaotoka, mmoja mmoja akimshika bega, na mmoja mmoja akipita. Saa nane. Saa tisa. Pilau ikaanza kupoa. Laila alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka, anazungumza na ukuta kwa sauti ndogo isiyokoma.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, geti lililia. Bi Ummkulthum alikuwa amevuka njia. Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea, na alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Asalamu alaykum, mwanangu."

"Wa alaykumu salam, bi mkubwa." Shadya alitazama nyuma yake. "Wenzio wako wapi?"

"Hawaji. Hawakuja kwangu pia." Aliificha mikono yake ndani ya buibui. "Mie nilihamia hapa kabla yenu, nikitokea Kisiwa Panza. Alikaa kwangu miaka mitatu. Aliniita kwa sauti ya marehemu mume wangu, kila siku, kila siku. Siku gari yenu iliposhusha vitanda, sauti ikanyamaza. Nilikwenda nikasali rakaa mbili za shukrani. Nimemshukuru Mungu kwa balaa la mwenzangu, na huku namwona mtoto anapita na baiskeli."

"Mwalimu kasema asiingie mmoja."

"Najua alivyosema. Hata kwangu alikuja, akasema hivyo hivyo."

Shadya alisimama kwenye kizingiti. Neno alilotakiwa kulisema alikuwa nalo, lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari ulimini: rudi, bi mkubwa, rudi kwako. Alimwona mwanamke yule mzee, mikunjo ya macho yake, ndala zake zilizooshwa kwa ajili ya kuja kwa watu. Na nyuma yake, ndani, akamsikia Laila akiita "Mama," na kutoka stoo sauti yake yeye Shadya ikaitika kwa mapenzi, "Abee, mwanangu, nakuja kukuchukua."

"Karibu, bi," Shadya alisema. "Karibu ndani."

Bi Ummkulthum alivua ndala, akapanda. Alikaa mbele ya sahani ya kwanza kati ya zile saba, akasema bismillahi, akala. Alikula polepole, mpaka akamaliza, kama mtoto aliyeambiwa asibakishe, na machozi yakimtiririka ndani ya wali, na kule nyuma mlango wa stoo ukafunguka wenyewe, na ile harufu ya ubani na udongo ikaja ukumbini kwa hatua za mtu mzito anayeburura miguu, ikasimama nyuma ya mgeni, ikangoja amalize.

"Alhamdulillahi," Bi Ummkulthum alisema. Akanyanyuka.

Alipopita kizingitini, kitu kilipita pamoja naye na kuisugua kanga ya Shadya, baridi kama tumbo la samaki. Alishuka ngazi peke yake. Lakini mchangani, kutoka pale hadi ng'ambo ya njia, nyayo zilikuwa za watu wawili.

Laila alifumbua macho. "Mama," akasema, akimtazama Shadya usoni, "nna njaa."

Nyange aliporudi na kuelezwa, alikaa kwenye ngazi akajishika kichwa. "Ungemwambia," alisema. "Ungemwambia arudi." Shadya alikuwa anamlisha mtoto. Baadaye Nyange alikwenda Shumba kwa Mwalimu Abdulsamad, akamweleza yote. Mwalimu hakuwalaumu. Alisema tu kwamba saba bado ni saba, na kama Mitondooni watapatikana wa kuingia kwa Bi Ummkulthum, yeye atakuja siku hiyo hiyo.

Hawakupatikana. Nyange alipata watatu: yeye, mkewe, na kijana mmoja mpangaji aliyebadilisha mawazo siku ya pili. Alipoanza kuuliza mara ya pili, watu walimwambia kwa upole kwamba ana mtoto, na afikiri.

Siku ya kumi tangu Ijumaa ile Mzee Khatib alikuja na mkewe, na Rahila akaja na sahani ya halua, na wengine wawili ambao Shadya alikuwa hawajui hata kwa majina. Walivua viatu mlangoni kwa kelele na vicheko. Walimshika Laila mashavu, wakasema kanenepa, mashallah. Walisifu vigae. Mzee Khatib alimwomba Nyange aje atazame umeme wa msikiti, ulikuwa unasumbua.

"Sasa nyie wenyeji," alisema. "Mambo ya mtaa mtashirikishwa."

Shadya alimimina chai. Dirisha la ukumbini lilikuwa wazi, na ng'ambo ya njia alimwona Bi Ummkulthum amekaa kibarazani kwake na bakuli la maharage, anachambua. Alikuwa amekonda, buibui limemwangukia mabegani. Alikuwa anazungumza. Alikuwa akinyamaza kidogo, akisikiliza, akitikisa kichwa, akizungumza tena na ule upande wa kibaraza usiokuwa na mtu. Kisha akainua uso na kutazama moja kwa moja ndani ya nyumba yao iliyojaa watu.

Rahila alinyanyuka, kikombe mkononi, akafunga dirisha kama aliye kwake.

"Jua linakuumiza macho, shoga," alisema, ingawa upande ule jua lilikuwa limeshaondoka.

Shadya akamwambia ahsante, akamwongeza chai.