Sinki la Balozi Lilivyomponza Maneno

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na minne, fundi rangi niliyestaafu. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu...

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Kariakoo, miaka ile ya maduka matupu. Sinki jipya ulikuwa hulioni hata kwa dawa! La mtu likichakaa, alituita tulipake upya. Kazi hiyo nilifundishwa na Maneno, mtu wa Lindi, tuliyepanga naye nyumba moja kule Gerezani. Kabla yake sikujua hata kushika brashi.

Maneno alikuwa na masharti. Rangi ya zamani lazima itoke yote! Unapaka magadi makali ya kutengenezea sabuni, unangoja, unakwangua, unasugua kwa msasa mpaka mkono unakufa ganzi. Siku nzima inakwisha hujagusa rangi. Mimi niliona ananichelewesha tu.

Siku moja Maneno akashikwa na homa, nikaenda peke yangu kupaka sinki la balozi wetu wa nyumba kumi. Nikapaka juu kwa juu, rangi kuukuu na mafuta yake humo humo. Likang'aa! Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Wiki ya tatu rangi ikaanza kubanduka, vipande vikaelea kwenye mchele aliokuwa akiuosha humo mke wa balozi. Mzee akaniita, amefura kwa hasira.

Siku hizo msako wa wazururaji ulikuwa umepamba moto. Asiye na barua ya balozi kwamba ana kazi alipakiwa kwenye lori, akapelekwa kijijini kulima. Na barua zetu zilikuwa bado hazijaandikwa... Ningesema nini? Nikasema ndivyo Maneno alivyonifundisha. Eti yeye ndiye aliyeniambia kukwangua ni kupoteza muda!

Balozi akasema, "Basi huyo si fundi, ni mzururaji."

Mimi nikapewa barua. Maneno akanyimwa.

Wiki ile ile akakamatwa Mnazi Mmoja, mkononi ana kopo la rangi! Nilipopata habari nikakimbia, nikamkuta keshapandishwa kwenye lori. Hakujua nilichosema. Akanishika mkono.

"Ndugu yangu, nimesikia sinki la mzee limeharibika. Nenda kalikwangue, ulipake upya. Akiliona zuri labda ataniandikia nirudi. Somoe ana mimba."

Somoe ni mkewe.

Nikaenda. Nililikwangua siku mbili nikilia, magadi yakiniunguza vidole. Likatoka zuri ajabu! Balozi akacheka, akasema kumbe nimemzidi mwalimu wangu. Jamani, si ningefungua mdomo tu hapo?

Nikasema, "Asante, mzee."

Maneno alifia kijijini kwa malaria, mwanawe hajamtia machoni. Somoe mpaka leo tukikutana sokoni ananishukuru, ananiita shemeji, kwamba siku zile mbili nilihangaika kumwombea mumewe kwa balozi. Nami naitikia! Namwuliza habari za wajukuu, naenda zangu.

Nawasihi, hasa ninyi vijana mnaojifunza ufundi. Ukiharibu kazi, sema "ni mimi" siku hiyo hiyo, mwenzako akiwa bado yupo. Mimi ningepelekwa kulima mwaka mmoja, miwili, nikarudi. Leo tungekuwa vikongwe wawili barazani, Maneno ananigombeza kwa uvivu wangu...